Mluzi Hauanikwi Kichanjani

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 26, navua dagaa na kipe (mtumbwi wa kuvulia dagaa) cha mjomba wangu hapa Kibirizi, Kigoma. Siku za mbalamwezi hatuingii ziwani, kwa hiyo nashinda mtaani Mwanga kwenye kibanda cha gemu cha rafiki yangu. Siku hizi kaleta ile miwani ya kuvaa usoni. Mle ndani nimeruka angani, nimepiga penalti uwanja umejaa watu wananiita jina. Nikiivua narudi kwenye shombo na deni la nyavu. Nikawa najiuliza: wakitengeneza mashine ya kumpa mtu raha zote, hadi asijue kama yumo ndani ya mashine, kuna ubaya gani kuingia na usitoke tena? Kwani maisha mazuri ni nini zaidi ya kujisikia vizuri? Wenzangu wananicheka. Shemeji yangu anasema ni dhambi, basi, haelezi. Mimi naona hata hilo deni ningelisahau. Naomba jibu la mtu aliyesoma.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Wanaokucheka waambie hivi: swali lako lilikwisha kuulizwa na profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, na mpaka leo kuna watu wanalipwa mshahara kwa kubishana juu yake. Mimi nilikuwa mmoja wao kwa miaka mingi, kabla sijastaafu na kurudi nyumbani Ujiji.

Profesa huyo aliitwa Robert Nozick. Mwaka 1974 aliwataka wasomaji wake wafikirie mashine iliyotengenezwa na mabingwa wa ubongo. Unalazwa ndani ya tangi, waya zinaunganishwa kichwani, na kuanzia hapo unaishi maisha yoyote uliyoyachagua mapema: umeandika kitabu kikubwa, umepata rafiki wa dhati, lolote lile. Ukiwa ndani hukumbuki kwamba uliingia. Kila unachokihisi ni sawasawa na anachokihisi mtu ambaye mambo hayo yanamtokea kweli. Kisha akauliza ulichouliza wewe: utaingia?

Alidhani wengi watakataa. Na kama wanakataa, basi lipo jambo wanalolithamini zaidi ya kujisikia vizuri, kwa sababu upande wa kujisikia vizuri mashine imeshashinda. Sababu alizozitaja ni hizi. Watu hutaka kufanya mambo, haiwatoshi kuhisi kana kwamba wameyafanya. Hutaka pia kuwa watu wa namna fulani, na aliyelala kwenye tangi huwezi kumwita jasiri wala mwoga, mkarimu wala bahili. Ni mwili unaoelea. Sababu ya tatu ndiyo ninayoipenda, na wewe mvuvi utaielewa kuliko wanafunzi wangu wa zamani: ndani ya mashine huwezi kukutana na kitu chochote kilichozidi akili ya aliyeitengeneza.

Fikiria ziwa letu, Tanganyika. Panapozidi kina ni mita 1,470. Taa zenu zinaangaza mita chache za juu, huko chini hakuna mtu Kibirizi nzima anayejua kuna nini usiku huu. Usiku mmoja wavu unapanda mtupu, usiku mwingine unapanda na samaki ambaye mjomba wako mwenyewe hamjui jina. Ziwa la kwenye miwani lina kina cha fundi wake. Alipochoka kuchora, ndipo maji yalipoishia.

Hata hivyo nikikuachia hapo nitakuwa nimekupunja, maana hoja hii imewahi kutikiswa. Mwaka 2010 Felipe De Brigard, mwanafalsafa mzaliwa wa Colombia, aliigeuza kichwa chini miguu juu. Aliwaambia wanafunzi: haya, tuseme tayari umo ndani ya mashine, uliingizwa kwa makosa, na maisha yote unayoyajua ni ya humo. Tukutoe? Kama watu wanaupenda ukweli kwa kila hali, karibu wote wangesema nitoeni. Haikuwa hivyo. Waliotaka kubaki walikaribia nusu.

Jaribu mwenyewe. Leo jioni mtu mwenye koti jeupe anakufuata ufukweni, anakwambia: samahani kaka, wewe umelazwa Montreal. Kibirizi haipo, kipe hakipo, mjomba ni programu, na deni lako nalo ni programu. Ukibonyeza hapa unatoka. Utabonyeza? Nadhani kabla ya kitu chochote ungeuliza habari za mama yako.

De Brigard alisema watu hung'ang'ania walichokizoea, na kwamba huenda hata wale wanaoikataa mashine ya Nozick wanaogopa mabadiliko tu. Hoja nzito, na siwezi kuipuuza. Ila mimi nimewauliza wanafunzi swali hilo la pili mara nyingi, na karibu kila aliyetaka kubaki alitaja mtu: mama, mchumba, mtoto wa dada. Sikumbuki aliyesema, nibakisheni kwa sababu humu mna raha. Mtu anayegoma kutoka kwa ajili ya mama yake hajaipigia raha kura. Kampigia mama.

Sasa fikra yangu mwenyewe, ambayo sikuitoa kitabuni.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukisubiri ufukweni alfajiri, sisi na mama zetu. Kipe kilichojaa tulikijua kabla hakijaonekana vizuri: wavuvi wanaimba, wengine wanapiga miluzi. Kilichorudi mtupu kilikuja kimya, unasikia makasia tu. Tukisikia miluzi tulifurahi, na ilikuwa furaha hasa, ya tumboni na miguuni, watoto tunarukaruka kwenye maji. Siku moja vijana wawili wakapiga miluzi kwa mzaha. Wamekaribia, tunachungulia mtumbwini: maji ya kifundoni na sufuria ya ugali. Kwa muda wa dakika kumi hivi ufuko mzima ulikuwa na furaha ileile ya siku ya mavuno, hakuna ambaye angeweza kuitofautisha. Lakini sikumsikia hata mama mmoja akisema, potelea mbali, angalau tumefurahi. Waliwatukana wale vijana mpaka jua likawa juu. Kuna mmoja, Mungu amrehemu, aliwauliza: sasa huo mluzi nikauanike kwenye kichanja?

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile na bado sijaona aliyelisema jambo hili vizuri kumzidi. Furaha nyingi za binadamu ni habari. Zinasema kwamba jambo fulani limekuwa. Unafurahi kwamba mtoto amepona, kwamba nyavu zimelipiwa, kwamba yule binti amekubali. Mashine inakuletea furaha ya kwamba mtoto amepona, na mtoto hayupo wala hakuugua. Ni mluzi.

Si furaha zote ziko hivyo, nakubali. Maji baridi kooni hayasemi lolote. Sukari ulimini haisemi lolote. Mtu akikunwa mgongo akaona raha, hakuna habari ya kuhakikisha. Raha za aina hiyo mashine ikikupa sina ugomvi nayo, kwa kuwa kukunwa na mashine ni kukunwa tu. Kosa ni kudhani kwamba raha zote ni za kukunwa. Ile penalti yako, kwa mfano. Utamu wake uko wapi? Mguuni? Uko kwenye kwamba: kwamba ulikuwa na presha na hukutetemeka, kwamba watu wameona, kwamba wanakujua jina. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotokea.

Utaniambia: lakini aliye ndani hajui, kisichojulikana hakiumi. Kuuma hakiumi, kweli. Lakini tuseme umepata mtoto, na hospitalini wanakuwekea karatasi mbili mezani. Moja ya mtoto atakayepanda na kushuka kama watu wote. Nyingine ya mtoto atakayeishi miaka themanini akiamini anapendwa, huku wote wanaomzunguka wakimcheka kisogoni kwa ustadi mkubwa hata asishtuke siku moja. Furaha ya wa pili tuseme imezidi kidogo. Unatia saini wapi? Hapo hujazoea maisha yoyote, kwa hiyo hoja ya De Brigard ya mazoea haikugusi. Unamtakia mtu heri, basi. Na mkono wako unajua pa kwenda.

Nimesema heri kwa makusudi. Neno raha tulilipokea kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni pumziko. Starehe nayo imetoka kwenye mzizi uleule. Ndiyo kusema raha ilikuwa kitu cha mtu aliyetoka mahali: amelima, amepiga kasia, amembeba mgonjwa. Unaujua mwenyewe usingizi wa saa nne asubuhi baada ya usiku mzima ziwani. Ulale huohuo baada ya siku tatu za kulala, uone kama bado ni mtamu. Heri ni neno la namna nyingine. Tunasema heri nusu shari kuliko shari kamili, na hakuna anayepima hisia pale, tunapima mambo yamekaaje. Swali lako uliliandika kwa neno raha. Liandike upya kwa neno heri, utaona nusu yake imejijibu.

Vitabuni utakuta kambi tatu juu ya maisha mazuri: wanaosema ni raha, wanaosema ni kupata unachokitaka, na wanaosema yapo mambo mazuri yenyewe hata usipoyataka, kama urafiki na maarifa. Kambi hizo zimepigana muda mrefu na sitakuchosha nazo. Nitamtaja mmoja tu, Epicurus, Mgiriki ambaye watu humsingizia kuwa baba wa anasa. Huyo alifundisha kweli kwamba raha ndiyo kipimo cha yote. Maisha yake sasa: mkate, maji, bustani na marafiki. Aliwahi kumwomba rafiki amletee jibini kidogo ili siku akitaka afanye karamu. Bingwa wa raha wa dunia nzima, karamu yake jibini.

Tuje kwenye ubongo, kwa sababu hapa ndipo mashine ya hadithi na mashine za mfukoni mwetu zinapoachana.

Mwaka 1954 huko Montreal, James Olds na Peter Milner walitia waya mwembamba ndani ya ubongo wa panya na kumwekea wenzo wa kujipitishia umeme kidogo. Panya walibonyeza. Wengine walifikia maelfu ya mara kwa saa. Katika majaribio ya baadaye, panya waliopewa muda mfupi kwa siku wa kuchagua kati ya chakula na wenzo walichagua wenzo hadi wakakonda vibaya. Dunia ikatangaza kwamba kituo cha raha kimepatikana. Kama ungekuwa na miaka 26 wakati ule, mashine yako ungeona iko mlangoni.

Kumbe mambo yalikuwa vingine. Daktari mmoja wa New Orleans, Robert Heath, aliwatia wagonjwa waya za namna hiyo, jambo ambalo leo lisingeruhusiwa kirahisi. Mgonjwa wake mmoja alibonyeza na kubonyeza. Alipoulizwa sababu, hakusema kwamba anaona raha isiyo na kifani. Alisema ni kama anakaribia kufika mahali asipopafika, na jambo hilo lilikuwa linamkera. Baadaye Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan alionyesha kwamba kutaka na kufurahia ni mitambo miwili tofauti kichwani. Panya aliyeondolewa dopamini, ile kemikali ambayo mitandaoni wanaiita ya raha, bado analamba midomo akitiwa sukari mdomoni, kwa hiyo utamu anausikia. Ila hainuki kuitafuta. Na kinyume chake kinawezekana: kutaka kunapanda, kufurahia kubaki palepale, au hata kushuka.

Wacheza mikeka hawahitaji kuelezwa hili. Mtazame mtu saa saba usiku anayeweka elfu mbili nyingine kwenye mechi ya timu asiyoijua ya nchi asiyoijua. Uso wake ni wa raha huo?

Kwa hiyo Nozick alitupa mashine isiyoharibika, isiyozoeleka na isiyo na mwenyewe. Tulizonazo ni tofauti. Zinazoeleka: mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake waliwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu huko Illinois, wakakuta hawakuwa na furaha iliyowazidi majirani kwa maana yoyote kubwa, na mambo madogo kama kupata kifungua kinywa au kupiga soga na rafiki yalikuwa yamepungua ladha kwao. (Watu 22 ni wachache, usijenge nyumba juu yao. Lakini nimeishi kiasi cha kutoshangaa.) Na zina mwenyewe, anayetaka bando lako liishe ununue jingine. Nozick hakuuliza bili ya umeme wa lile tangi analipa nani. Sisi tuliokulia Kigoma ya jenereta tungeanzia hapo.

Nataka tukae kidogo kwenye kazi yako, kwa sababu unaijua mashine hii kuliko unavyodhani. Usiku wa giza mnawasha taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni za betri na sola. Vijidudu vya majini vinakusanyika kwenye mwanga, dagaa wanavifuata, mgebuka anawafuata dagaa, nanyi mnasubiri wakolee ndipo mnainua wavu. Dagaa si mjinga. Anafuata kitu ambacho kwa kawaida kina faida kwake. Taa yenu imechukua tamaa yake iliyo nzuri na kuitenga na mazingira iliyozoea kufanyia kazi.

Mfano wangu una ufa, nauona: chini ya taa dagaa anakula kweli, kinachomponza ni wavu. Ila hebu tazama upande wa pili wake, ambao ndio umenifanya nikuandikie kirefu. Mwezi ukiwa mpevu mnapumzika. Kwa nini? Taa ni zilezile, betri ni zilezile. Mbalamwezi imetanda ziwa zima, mwanga uko kila mahali, na taa yenu haina tena cha kumwambia dagaa. Nguvu ya taa haikuwahi kuwa yote ndani ya taa. Nyingine ilikuwa giza.

Na wewe, kwa maelezo yako mwenyewe, unafanya kinyume cha dagaa. Mbalamwezi ikitoka, yeye anaiacha taa, wewe ndipo unapoifuata Mwanga. Mimi nisingekuuliza miwani ile ina nini. Ningekuuliza siku zile za mwezi zina giza gani. Huna zamu. Huna mgao. Wenzako wametawanyika. Usiku ambao mwili umezoea kukesha, umekaa na hesabu ya madeni. Mtu yeyote angeona taa.

Unakumbuka mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Nilipita Kibirizi na Katonga wakati ule. Hela zilikuwa ngumu, hilo kila mtu aliliona, na njaa ikiwepo huwezi kusema kwa uhakika mtu ananung'unikia nini. Lakini nilikaa na mvuvi mmoja mtu mzima ambaye wanawe walikuwa wanamtumia fedha, hakukosa chakula. Kila jioni alikuwa anakuja kukaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa. Nikamuuliza anafuata nini, akasema anasikiliza upepo. Kwa ajili ya nini, na haendi popote? Akanitazama kama mtu anayemtazama profesa. Alikuwa na ujuzi wa miaka arobaini usio na pa kwenda. Aristotle alisema raha huja juu ya kazi ifanywayo vizuri, kama vile ujana unavyong'aa usoni mwa kijana. Huwezi kuung'oa ule mng'ao ukauweka peke yake kwenye chupa. Mzee yule alikuwa anakuja kukaa karibu na chupa tupu.

Sasa nikiri jambo. Bibi yangu, mwishoni mwa maisha yake, alipatwa na maradhi ya kusahau. Babu alikuwa amezama ziwani miaka mingi nyuma. Kila jioni bibi aliuliza yuko wapi. Mara ya kwanza tulimwambia ukweli, akalia kama amefiwa siku hiyo, kwa sababu kwake ilikuwa siku hiyo. Kesho yake akauliza tena. Kuanzia hapo nilimjibu: kaenda Kalemie na mawese, atarudi. Anatabasamu, anauliza kama alibeba koti. Nilimjengea bibi mashine kwa mdomo wangu, na sijutii hata kidogo.

Kwa hiyo usinisikie nikisema kila faraja ya kubuni ni haramu. Huko Seattle, tangu miaka ya 1990, watafiti wamewavalisha wagonjwa walioungua moto miwani kama hiyo ya rafiki yako, wakawatembeza kwenye dunia ya theluji wakati vidonda vinasafishwa, na maumivu waliyoyasema yalipungua. Nani atampinga mgonjwa huyo? Ila mtazame yeye na mtazame bibi. Bibi asingeweza tena kufanya lolote na ule ukweli. Ulikuwa unamchoma tu na kupotea. Mgonjwa wa moto anaingia kwenye theluji ili apone atoke. Wewe una miaka 26, mikono yako mizima, na ukweli ulio nao, hata ule mchungu, bado unaweza kuufanyia kazi.

Na miwani yenyewe nisiisingizie. David Chalmers, Mwaustralia anayefundisha New York, ameandika mwaka 2022 kwamba dunia za kompyuta si ndoto, kwamba kinachotokea humo kinatokea kweli kwa namna yake, na mtu anaweza kuishi humo maisha yenye maana. Simfuati mpaka mwisho wa safari, lakini kuhusu kile kibanda ana haki. Unaenda kwa rafiki. Ukiruka angani mle ndani, huku nje unapapasa hewa kama kuku aliyefungwa kitambaa na watu wanakufa kwa vicheko. Vicheko hivyo ni vya kweli, na rafiki ni wa kweli. Tangi la Nozick halina rafiki pembeni. Endelea kwenda, na siku nyingine mpe mwenzako miwani, wewe uwe wa kucheka.

Shemeji yako mheshimu. Pengine hana maneno, lakini wakubwa wa dini waliyatafuta kabla yake. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alijiuliza: usingizini unaamini mambo na huna shaka nayo, ukiamka unakuta hayakuwa kitu, una hakika gani kwamba huku kuamka nako hakuna kuamka kwingine juu yake? Shaka hiyo, ambayo mwenyewe aliiita ugonjwa, ilimkaa muda wa miezi miwili hivi. Na mkitaka kubishana na shemeji kwa heshima, muulize Pepo ina tofauti gani na mashine yako, maana nayo ni raha isiyo na shida. Ghazali angejibu kwamba raha kubwa kuliko zote ni kumjua na kumwona Mungu, yaani ni raha ya kitu kilichopo. Hata huko, mwanangu, ni habari.

Mawili ya mwisho, ya dunia hii hii. Kama wiki zinapita na hakuna kinachokupa ladha, si dagaa, si mpira, si hiyo miwani, usingizi umekimbia na unatamani kutoweka, hiyo siyo falsafa. Inaitwa sonona na inatibika. Nenda hospitali ya Maweni, uliza watu wa afya ya akili, usione haya. Sioni hivyo katika barua yako, lakini nisingelala vizuri bila kulisema.

La pili ni deni. Umelitaja mara mbili, na mara zote mbili kwa haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Hukuniuliza juu yake. Niandikie tena, uniambie ni kiasi gani, unadaiwa na nani, na mjomba anakukata vipi kwenye mgao. Mwezi mpevu ukifika nitakuwa Kibirizi kwa dada yangu, wakati huo mnashona nyavu na kukalafati mitumbwi. Njoo na karatasi ya hesabu.